Usukani Uliolegea: Habari za Gari la Zamani na Viungo Vyake

Leo nataka kuwaeleza habari za usukani wa gari la zamani: jinsi ya kutambua viungo vyake vilivyochakaa, na jinsi ya kuvitoa na kutia vipya. Labda mmoja wenu atauliza, Habari hii yatuhusu nini sisi tusio na gari? Yawahusu sana. Gari la kijijini si la mwenyewe peke yake. Ndilo lipelekalo ndizi sokoni, na mgonjwa hospitali, na jeneza makaburini, na watoto kumi nyuma wakiimba. Kila apandaye humo amekabidhi roho yake kwa fimbo chache za chuma zilizo chini ya gari, ambazo pengine hajapata kuziona.

Breki zikiwa dhaifu dereva hupata habari mapema, maana hukanyaga akaona zinazama. Injini ikiugua hupiga kelele. Lakini usukani huharibika kidogo kidogo, na dereva huuzoea. Mwaka huu hucheza upana wa kidole kimoja, mwaka ujao vidole vitatu, na mikono yake imekwisha jifunza kusahihisha bila yeye mwenyewe kujua. Mtu mwingine akishika gari lile ndipo hushtuka, akaona linakwenda upande huu na upande huu kama ng'ombe aliyechoka. Kwa hiyo usimwulize mwenye gari kama usukani wake ni mzima. Atakuambia ni mzima, naye hasemi uwongo. Ingia chini ukatazame.

Nimechagua Land Rover ya zamani kuwa mfano wetu. Gari hilo lilionyeshwa mara ya kwanza huko Amsterdam mwezi wa Aprili mwaka 1948, na aina zake zenye springi za vyuma bapa ziliendelea kutengenezwa mpaka mwaka 1985. Zilienea katika Afrika ya Mashariki, mashambani, katika misheni, na katika kazi za serikali, na baadhi yake zingali zikitembea. Tena viungo vyake viko wazi. Mtu aweza kuvishika kwa mkono wake kimoja kimoja, kama mwalimu aonyeshavyo mifupa darasani. Maneno yangu yahusu hasa Series II, iliyotoka mwaka 1958, na Series III, iliyotoka mwaka 1971. Lakini njia ya kuchunguza ni ile ile kwa magari mengi ya zamani yenye boksi la usukani.

Kwanza tufuate nguvu ya mkono wa dereva inavyosafiri. Azungushapo usukani, mhimili wake huzunguka mpaka ndani ya boksi. Humo mna parafujo nene, na juu yake nati iendayo na kurudi kwa kubebwa na gololi ndogo nyingi. Nati hiyo huusukuma mkono ulio nje ya boksi, na mkono hulisukuma bomba refu la chuma lielekealo mbele ya gari. Bomba hilo hushika mkono wa juu wa rilei. Rilei ni mhimili uliosimama wima katika boriti ya mbele ya chesisi, wenye mkono mmoja juu na mmoja chini. Kazi yake ni kuipokea nguvu itokayo nyuma na kuigeuza ipite upande. Mkono wake wa chini hulisukuma bomba la pili mpaka kwenye gurudumu moja. Kisha bomba la tatu, ambalo mafundi huliita tai rodi, huliunganisha gurudumu lile na mwenzake ili yageuke pamoja.

Kila bomba lina boljointi mbili, moja kila ncha, basi jumla ni sita. Boljointi ni kitu kama nyonga ya mtu: kichwa cha mviringo ndani ya kikombe, kikisukumwa na springi ndogo, na juu yake kofia ya mpira ya kuzuia uchafu. Kofia hiyo ni kitu cha bei ndogo, lakini maisha ya boljointi ni yake. Ikipasuka, vumbi huingia na kuchanganyika na grisi, na mchanganyiko ule ni sawa na msasa. Kila mara usukani ugeukapo, msasa ule husugua chuma. Mvua ikija, maji huleta kutu. Kwa hiyo mtu mwenye busara hutazama kofia kabla ya kutazama chuma.

Sasa hesabuni wenyewe: boksi, rilei, boljointi sita, na pini zinazoshika magurudumu. Kila kimoja kikilegea upana wa unywele tu, nywele hizo hujumlika, na dereva huziona katika mikono yake zimekuwa inchi tatu.

Na hapa ndipo mafundi wengi hupotea. Gari huletwa, mwenyewe hulalamika kwamba usukani unacheza, na fundi huchukua spana na bisibisi moja kwa moja mpaka kwenye boksi. Pale ubavuni mna parafujo ya kurekebishia, yenye nati ya kuifunga. Huikaza mara moja, mara mbili, na mchezo hupungua; mwenye gari hulipa na kushukuru. Lakini ubovu ulikuwa katika boljointi, nao ungalipo. Juu ya hayo, sehemu ya katikati ya boksi, ambayo ndiyo itumikayo kila siku, sasa imebanwa kupita kiasi. Usukani hauwezi kurudi wenyewe baada ya kona, na gololi zinaila njia yao. Mwisho wake mtu aliyehitaji boljointi moja hununua boksi zima. Kwa maoni yangu parafujo ile iguswe mwisho, baada ya viungo vingine vyote kuonekana vizima, na magurudumu yakiwa yameelekea mbele sawasawa.

Kabla ya kulaumu kiungo cho chote, tazama vitu visivyotaka fedha. Matairi yana upepo wa kutosha, na sawa pande zote mbili? Nati za magurudumu zimekazwa? Yubolti zishikazo springi kwenye ekseli je? Na bolti zinazolishika boksi lenyewe? Nimepata kuona gari lililohukumiwa kutiwa viungo vipya vyote, kumbe boksi lilikuwa likitikisika mahali pake kwa sababu ya bolti mbili zilizolegea.

Hayo yakiwa sawa, watakiwa watu wawili. Gari lisimame mahali tambarare juu ya magurudumu yake yote, injini imezimwa, mawe mbele na nyuma ya matairi. Mmoja aketi kitini, autikise usukani kushoto na kulia, polepole, bila kuyageuza magurudumu. Wa pili aingie chini na kuweka kiganja chake juu ya kila kiungo kwa taratibu, akianzia kwenye boksi. Macho husaidia, lakini mkono ndio mwamuzi, maana huhisi mgongano mdogo ambao jicho halioni.

Ikiwa usukani unakwenda na mkono wa boksi haujaondoka, ubovu umo katika boksi. Ikiwa mkono wa boksi unakwenda na bomba halijaondoka, boljointi iliyo kati yao imekwisha. Bomba likienda na mkono wa juu wa rilei usiende, ni boljointi ya mbele. Mkono wa juu ukienda na wa chini ukabaki, basi mmoja wao haushiki vizuri mhimili wa rilei. Tazama bolti ya kuubania, na ikiwa imekazwa, meno yamelika. Endelea hivyo mpaka gurudumu la mwisho. Chukua chokaa uweke alama kwenye kila kiungo kilichocheza, ili usije ukabishana na mwenye gari baadaye. Ukikuta boljointi ambayo bomba lake laweza kuinuliwa na kushushwa kwa mkono huku pini imesimama, usiliruhusu gari hilo liondoke. Kichwa kinaweza kuchomoka katika kikombe, na kikichomoka, dereva atazungusha usukani na magurudumu yatakwenda yapendako. Fikirini hayo yakitokea katika mteremko kama ule wa kushuka Lushoto kwenda Mombo, ukuta wa mlima upande mmoja, na bonde upande wa pili.

Kisha inua gurudumu moja la mbele kwa jeki, ukaweke chini ya ekseli gogo zito au kigingi cha chuma. Matofali hayafai, kwa kuwa hupasuka bila kuonya. Na jeki peke yake si kitu cha kulala chini yake. Shika tairi juu na chini, ulisukume na kulivuta. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki, ujaribu tena. Mchezo ukitoweka, ni beringi za gurudumu, nazo hurekebishwa. Mchezo ukibaki, ni pini ambazo gurudumu hugeukia juu yake. Pini ya juu ya gari hili hukaa katika bushi, na ya chini katika beringi. Chini ya kifuniko cha pini ya juu mna vipande vyembamba vya bati, na kipande kimoja kikitolewa pini hukazika zaidi. Lakini bushi iliyokwisha haiponi kwa kutoa bati, yataka mpya.

Rilei nayo ina ugonjwa wa namna mbili. Aghalabu haichezi, bali hukauka. Mafuta yake huvuja, hakuna ayakumbukaye, na usukani huwa mzito, wala haurudi baada ya kona. Dereva husema gari lina kichwa kigumu. Fungua mabomba mawili yaliyoishika, uigeuze kwa mkono. Yafaa iende kwa uzito wa sawasawa, isikwame mahali, wala isipande na kushuka. Ikiwa kavu tu, itie mafuta ya gia, polepole, mpaka ijae. Lakini ikiwa imeharibika, nakuombeni msiifungue nyumbani. Ndani yake mna springi yenye nguvu nyingi iliyobanwa, nayo hufyatuka kama mtego. Imepata kuwaumiza watu. Kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye vifaa vya kuizuia, au inunuliwe rilei nzima. Na hata kuitoa katika boriti kwaweza kuchukua siku nzima, maana kutu huishika sana.

Tuseme basi kwamba umekuta boljointi mbili za tai rodi zimekwisha. Ununuapo mpya, kumbuka kwamba si zote sawa. Katika kila bomba ncha moja ina hesi ya kulia, na ncha ya pili ina hesi ya kushoto. Nia yake ni kwamba bomba likizungushwa lirefuke au lifupike bila kufungua ncha zake. Kwa hiyo gari zima lataka tatu za kulia na tatu za kushoto. Wengi wamesafiri mpaka mjini wakarudi na mbili za upande mmoja.

Kabla ya kufungua lo lote, pima urefu kutoka katikati ya pini hii mpaka katikati ya pini ile, uuandike. Safisha uchafu kwa brashi ya waya na mafuta ya taa. Chomoa kotapini, kisha ufungue nati, lakini usiiondoe kabisa. Iache imeshika hesi mbili tatu, bomba lisije likakuangukia usoni.

Sasa kutoa pini. Pini hii imechongoka. Pana upande wa kichwa, nyembamba upande wa nati, nayo imekaa katika tundu la mkono wa gurudumu lenye mchongoko ule ule. Kadiri nati ilivyokazwa, ndivyo vilivyoshikana, na baada ya miaka ishirini huwa kana kwamba ni chuma kimoja. Fundi asiyejua huipiga pini kutoka upande wa nati. Kichwa cha hesi huvimba, nati haitoki tena, na pini haikuondoka hata kidogo. Njia njema ni hii. Weka nyundo nzito ubavuni mwa jicho la ule mkono, yaani pale penye tundu, uishikilie imara. Kwa nyundo ya pili upige ubavu ulioelekeana nao, pigo moja kali, kisha la pili. Jicho hubonyea kwa nukta moja na kurudi, na katika nukta hiyo huiachilia pini. Utasikia mlio umebadilika, na boljointi itaruka. Kuna chombo cha kabari chenye meno mawili kifanyacho kazi hiyo, lakini hupasua kofia ya mpira. Kitumieni kwa boljointi ya kutupwa tu.

Legeza kibano cha bomba, uifungue boljointi, ukihesabu mizunguko kwa sauti. Paka hesi ya ile mpya grisi kidogo, uiingize kwa hesabu ile ile, kisha ulinganishe na kipimo ulichoandika. Hesi ziwe zimeingia ndani kupita kibano, tena sawasawa ncha zote mbili. Ncha iliyoshikwa na hesi chache ni hatari sawa na boljointi mbovu.

Pini yenyewe na tundu lake visitiwe grisi. Vipangusweni kwa kitambaa kikavu. Vikiwa na mafuta, pini itazunguka pamoja na nati, nawe utakaza mpaka jioni bila kufika. Ikizunguka hata hivyo, ibane kwa jeki na kipande cha mti chini ya kikombe, huku ukikaza. Tundu la kotapini lisipoelekeana na meno ya nati, kaza kidogo zaidi mpaka lielekee. Usirudishe nyuma kamwe. Kisha tia kotapini mpya. Msumari si kotapini, wala waya wa uzio si kotapini.

Hapa sina budi kutaja hila mbili zifanywazo pembeni mwa barabara. Ya kwanza ni kukigonga kikombe cha boljointi kwa nyundo ili kibane kichwa. Hubana kwa juma moja, huku chuma kimekwisha pata ufa. Ya pili ni kuunga kwa moto bomba lililovunjika au kulinyosha lililopinda. Chuma kilichounguzwa kimepoteza nguvu yake ya asili, na hakuna ajuaye mahali kitakapokatikia. Ama kufunga kofia iliyopasuka kwa kipande cha mpira wa ndani wa tairi, hilo silikatai, maadamu boljointi ni nzima, imesafishwa na kutiwa grisi mpya, na mtu anajua kwamba ni dawa ya safari moja.

Mwisho kuna kipimo cha magurudumu. Katika Land Rover hizi magurudumu ya mbele hukaribiana kidogo upande wa mbele kuliko upande wa nyuma, kiasi cha milimeta 1.2 mpaka 2.4, maana yake tofauti isifike sehemu ya kumi ya inchi. Yakizidi, matairi huburuzwa na kulika kama yaliyopigwa tupa; pitisha kiganja juu ya mpira, nawe utahisi meno yake upande mmoja tu. Kupima hakutaki mashine. Sukuma gari mbele hatua chache mahali tambarare. Tia alama ya chokaa kwenye ukingo wa ndani wa kila rimu, upande wa nyuma, kimo cha katikati ya gurudumu. Chukua fito mbili zilizonyoka, uzifunge pamoja ziweze kuteleza, uzinyoshe mpaka ncha zake ziguse alama mbili, kisha uchore mstari mmoja kwa kalamu juu ya zote mbili. Sasa sukuma gari mbele nusu mzunguko wa gurudumu, alama zije upande wa mbele, upime tena. Mistari ile haitakutana tena, na umbali kati yake ndio jibu. Kwa kuwa umepima alama zile zile, rimu iliyopinda haitakudanganya. Jibu lisipofaa, legeza vibano vyote viwili vya tai rodi, uizungushe kidogo, urudi nyuma hatua kadha, usukume mbele, upime. Huenda ukafanya hivyo mara tano.

Vibano vikazwe huku boljointi zote mbili zimekaa katikati ya mwendo wao, hata bomba liweze kutikisika kidogo kwa mkono. Inua magurudumu, geuza usukani mpaka mwisho huku na huku. Matairi yasiguse springi, wala mpira wa breki usivutwe. Ndipo uende barabarani, polepole, peke yako, bila abiria. Baada ya maili hamsini rudi chini ya gari na spana, ujaribu kila nati na kila kibano, utazame na mafuta ya boksi na ya rilei. Boljointi za zamani zihifadhiwe katika mkebe, ili mwenye gari azishike, azitikise, na kuona alicholipia.

Juma lijalo, wakati kama huu, tutazungumza habari za beringi za magurudumu na mafuta yake. Kwa herini.